Nesi Kalunguyeye na Baragumu la Mwalimu Mkuu Kiboko

Haya, nije nisije?

— Njoo!

Nije mikono mitupu?

— Thubutu! Njoo na uongo wako, chumvi tunayo sisi!

Basi sogeeni. Wewe uliyekalia kinu, shuka, kinu si kiti. Mwenye kikohozi akae kule upepo unakoelekea, simfukuzi, namweka mahali pake. Mwenyezi Mungu atupe uzima wa kusikilizana mpaka mwisho.

Hapo kale wanyama waliona watoto wao wanakua hivi hivi tu, hata miguu yao wenyewe hawajui kuihesabu. Wakajenga shule. Wakaiita Shule ya Bondeni. Shule ikasimama, ikakosa mwalimu mkuu.

Wakamuuliza Simba, "Watoto unawapenda?"

Simba akasema, "Nawapenda sana. Hasa wanono."

Wakamwambia ahsante, Mzee, kapumzike nyumbani. Wakamchukua Kiboko, kwa sababu Kiboko hali nyama. Wakarudi makwao wanapangusa mikono, wanajiona wamepona.

Kweli, Kiboko hali nyama. Lakini uji! Ndugu zangu, uji ule! Kila mtoto alikuja shuleni na kibaba cha unga kutoka kwao. Mama Ngiri, mpishi, akaupika kwenye sufuria kubwa, akapakua. Watoto wakanywa, na Mwalimu Mkuu akanywa. Watoto walikunywa kwa vikombe. Mwalimu Mkuu alikunywa kwa ndoo. Gubu! gubu! gubu! Kisha anaramba ndoo, lwaa! Kisha anauliza, "Nani hajamaliza?" Na mtoto yeyote aliyechelewa kumeza, kikombe chake kilikwenda.

Mungu anisamehe, na mimi kwenye uji si mtu wa kuaminika. Lakini ndoo, hapana.

Sasa shule ile ilikuwa na nesi. Nesi mwenyewe Kalunguyeye, mdogo, mviringo kama ndimu iliyoota miiba. Watoto walimwogopa mwanzoni. Walisema, nesi wa watu huwa na sindano moja mkononi, huyu wetu mgongo mzima ni sindano! Baadaye wakamzoea, kwa sababu mikono yake ilikuwa laini na hakuwahi kumkaripia mtu kwa kuumwa.

Kila asubuhi Kalunguyeye alikaa langoni. Kila mtoto akipita, anamtazama macho, anamgusa shingo, anamuuliza maneno yale yale:

"Umekula nini? Umekunywa wapi? Umecheza na nani?"

Mtoto anajibu, anapita. Anakuja mwingine.

"Umekula nini? Umekunywa wapi? Umecheza na nani?"

Watoto wakamwigiza hata kwenye michezo yao. Lakini Kalunguyeye hakuuliza kwa mazoea tu. Alikuwa akisikiliza.

Na bonde lile lilikuwa na sheria yake. Ugonjwa ukiingia shuleni, nesi anauona, mkuu wa shule anapuliza baragumu. Puuuu! Ng'ambo ya kilima anakaa Korongo, Bwana Afya, mwenye miguu mirefu na koti jeupe. Akilisikia baragumu, anakuja na dawa zake. Asipolisikia, haji. Nesi huona, mkuu hupuliza. Ndiyo ilikuwa sheria, na baragumu lilikaa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, linaning'inia msumarini.

Basi. Asubuhi moja akaja mtoto wa Nyani, amejishika tumbo, amejikunja kama anatafuta kitu chini.

"Nesi, tumbo linaniambia twende."

"Pole, mwanangu. Umekula nini?"

"Uji."

"Umekunywa wapi?"

"Bwawa la juu."

"Umecheza na nani?"

"Sijacheza, Nesi. Nimekimbia tu. Naenda kichakani, narudi. Naenda kichakani, narudi. Samahani, Nesi, naenda tena!"

Akaenda. Nyuma yake akaja mtoto wa Pofu, naye amejikunja.

"Umekula nini? Umekunywa wapi?"

"Uji. Bwawa la juu. Nesi, nipishe!"

Nyuma yake mtoto wa Kanga, madoa yamefifia. Nyuma yake mtoto wa Nyumbu, mkia umelegea. Uji, bwawa la juu. Uji, bwawa la juu. Kichaka cha nyuma ya shule kikawa na foleni.

Mwisho akaja mtoto wa Kobe, mzima, anapiga mluzi.

"Umekula nini?"

"Uji, Nesi. Vikombe viwili, wenzangu hawakutaka."

Kalunguyeye akainua pua. "Uji wamekula wao, na wewe umekula. Umekunywa wapi?"

"Nimelamba umande njiani."

"Hukwenda bwawani?"

"Nakwenda, Nesi. Nilianza safari juzi. Bado sijafika."

Kalunguyeye akajiambia: Uji si wenye kosa. Kumbe ni maji.

Niwaeleze hayo maji. Shule ilikuwa na mabwawa mawili. Bwawa la juu la kunywa. Bwawa la chini la kuoga. Hivyo ndivyo wazee walivyopanga, na maji ya juu yalikuwa meupe, mtu anaona kokoto za chini. Kalunguyeye akajikokota, tiki tiki tiki, kesho yake alfajiri, jua halijatoka, akapanda mpaka bwawa la juu. Akajificha kwenye majani. Akaona nini?

Akamwona Mwalimu Mkuu Kiboko katikati ya bwawa la kunywa, amejaa humo kama mkate kwenye kikombe, anajisugua na kuimba. Bwawa la chini lina ruba, yeye hapendi ruba. Akasugua kwapa. Akasukutua. Kisha, watoto, nisameheni, nyinyi mnajua kiboko anavyofanya akishiba. Akageuza kisogo, akatikisa mkia. Prrr-paa! Prrr-paa! Huku na huku, kama mtu anayepiga chokaa ukuta.

Kalunguyeye akaziba pua. Akasema, "Ee Mola, na jana mimi mwenyewe nimeyanywa haya."

Akarudi. Akamsubiri mkubwa ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, mpira wa miiba. Unasemaje?"

"Mwalimu, shule imeingiliwa. Watoto wanaharisha. Nakuomba upulize baragumu, Bwana Afya aje."

"Wamekula ukwaju mbichi hao."

"Mwalimu, nimewauliza mmoja mmoja. Ni maji ya bwawa la juu."

Kiboko akauliza, "Maji yana nini?"

"Mwalimu anajua zaidi yangu," akasema Kalunguyeye kwa adabu.

Kiboko akaona hapa pagumu. Korongo akija, ataangalia bwawa. Akiangalia bwawa, ataangalia mkia. Tena kulikuwa na jambo jingine, dogo lakini tamu. Mtoto mgonjwa hanywi uji. Na uji usionywewa, mwenyewe ni nani? Tangu watoto waanze kuumwa, ndoo ya Mwalimu Mkuu ilikuwa inajaa mara mbili.

Akapiga meza, kwaa! "Hakuna ugonjwa hapa! Hapa kuna afya na uji! Nikisikia neno ugonjwa tena, wewe mpira wa miiba nitakupiga teke utue kwa wajomba zako!"

Akalitoa baragumu msumarini, akalivaa shingoni, kamba ikazama kwenye minofu.

Wanafunzi wakapiga mstari. Kiboko akasimama mbele. "Nani amewahi kuniona mimi naumwa?"

"Hakuna, Mwalimu!"

"Nami naoga... nami nakunywa bwawa lipi?"

"La juu, Mwalimu!"

"Basi kunyweni! Hakuna ugonjwa hapa!"

"Hapa kuna afya na uji!" wakaitikia watoto, na nusu yao wakakimbilia kichakani.

Kalunguyeye hakukaa bure. Akamwendea Mama Ngiri jikoni. "Shoga yangu, nichemshie maji ya watoto."

Mama Ngiri akainua mwiko. "Kwa kuni zipi? Kuni zote zinalala chini ya uji wa bwana yule. Nikichemsha maji, yeye atanichemsha mimi."

Akamtuma Chiriku kwa Bwana Afya. Chiriku akaruka, akafika, akarudi na jibu. "Bwana Afya anasema pole sana. Anasema moyo wake unauma. Anasema hajasikia baragumu, na bila baragumu hawezi kuingia shule ya mtu."

"Ulimwambia watoto wanaumwa?"

"Nilimwambia. Akalia. Akasema tena hajasikia baragumu."

Wakubwa, ndugu zangu! Sisemi kitu. Na mimi naogopa wakubwa, ningeishia hapo, ningerudi kitandani nijifunike gubigubi.

Siku zikaenda. Chumba cha wagonjwa kikajaa, wakalala hadi barazani. Ndipo akaletwa Digidigi mdogo, mtoto wa darasa la kwanza, mwepesi hata akikanyaga majani hayalii. Mama yake alimbeba kwa shingo. Macho ya mtoto yameingia ndani. Midomo imekauka. Kalunguyeye akamfinya ngozi kidogo, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama, hairudi.

"Nesi," akasema Mama Digidigi, "nimejaliwa huyu tu."

"Najua, mama."

"Atapona?"

Kalunguyeye hakuwa mtu wa kudanganya. Akasema, "Nitampa maji ya umande yenye chumvi na asali, tone kwa tone. Lakini umande hautoshi watoto wote, na huyu anahitaji dawa ya Bwana Afya. Kaa naye. Usiache kumnywesha."

Akatoka nje, akajikunja akawa mviringo, miiba juu, uso ndani. Akaomba huko huko ndani. "Ee Mola, sina pumzi ya kupuliza baragumu. Sina nguvu ya kumsukuma Kiboko. Nina miiba, na akili kidogo. Hiyo kidogo izidishe leo, mtoto yule asinifie mikononi."

Akajikunjua. Akasikia makelele jikoni.

"Mama Ngiri!"

"Abee, Mwalimu!"

"Hiki ni nini?"

"Ni uji, Mwalimu."

"Mbona naona kitako cha ndoo?"

"Watoto wamelala, Mwalimu. Unga huja na watoto. Watoto hawaji, unga hauji."

"Jana nilikunywa ndoo mbili!"

"Jana ulikunywa unga wa kesho, Mwalimu. Na kesho ndiyo hii."

Kiboko akaramba ndoo, lwaa. Akairamba tena, lwaa. Ndoo haikuongeza kitu. Tumbo lake likanguruma, nguru nguru nguru, kama mawe yanaporomoka mlimani.

Kalunguyeye akasikia ngurumo ile, akatabasamu. Akachukua ufagio. Akaanza kufagia mbele ya ofisi, fya, fya, fya, huku anaimba kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayetaka kusikika:

"Vikapu, vikapu vya Bwana Afya,
vidogo, vikubwa, vimefunikwa majani.
Wa kwanza kuhudumiwa ni mkuu wa shule,
vikapu, vikapu, sisi hatuvipati."

Sikio la Kiboko likasimama, tip! La pili nalo, tip!

"Nesi! Unaimba nini?"

"Samahani, Mwalimu, naacha."

"Sijasema uache. Vikapu gani?"

"Vya Bwana Afya, Mwalimu. Shule ikiripoti ugonjwa, yeye huja na vikapu. Lakini sisi hapa tuna afya na uji. Hayatuhusu."

"Hebu simama. Vikapu vinakuja vingapi?"

"Inategemea wagonjwa, Mwalimu. Wagonjwa wengi, vikapu vingi."

"Na wa kwanza kuhudumiwa?"

"Mkuu wa shule. Ndiyo desturi. Bwana Afya humshika mkuu kabla ya wote." Akafagia, fya. "Lakini tusimsumbue mzee wa watu. Wewe mwenyewe umesema hakuna ugonjwa."

Sikilizeni hapo. Kalunguyeye amesema uongo? Hajasema. Vikapu vipo. Mkuu huhudumiwa wa kwanza. Yote kweli tupu, Mungu shahidi. Kilichokuwamo ndani ya vikapu, hakuulizwa.

Kiboko akameza mate, gubu! "Nani kasema hakuna ugonjwa?"

"Wewe, Mwalimu. Mstarini."

"Mimi nilikuwa nawatia moyo watoto! Ugonjwa upo!"

"Labda wawili watatu, Mwalimu. Ukwaju mbichi."

"Ukwaju gani! Nesi, wewe una macho kweli? Hebu tazama baraza lile! Wamelala kama kuni! Shule nzima inaharisha, na wewe umesimama na ufagio?"

"Mwalimu, mimi naona tungoje kidogo..."

"Tungoje nini, watoto wa watu wafe? Huna huruma!"

"Haya, lakini pumzi ya kupuliza unayo? Maana ng'ambo ni mbali, na baragumu likipulizwa kidogo, Bwana Afya hudhani ugonjwa ni mdogo. Anakuja na kikapu kimoja, tena cha mkononi."

Weee! Kiboko hakungoja neno jingine. Akapanda kilima cha shule, dum, dum, dum. Akajaza kifua. Akaweka baragumu mdomoni.

PUUUUUUU!

Ndege wakaruka mitini. Mama Ngiri akaangusha mwiko. Kiboko akajaza kifua tena.

PUUUUUUUUUU!

Akapuliza mpaka macho yakamtoka, mpaka masikio yakageuka mbele nyuma. Hakuna mkuu wa shule aliyewahi kuripoti ugonjwa kwa bidii namna ile, na sidhani atatokea.

Ng'ambo ya kilima, Korongo akadondosha kijiko. "Lahaula! Hilo baragumu si la kawaida. Yangeyange wote, bebeni kila tulicho nacho!"

Wakaja. Mbele Korongo, koti jeupe, anakunja mguu mmoja mmoja. Nyuma yake kundi la yangeyange, weupe angani, kila mmoja ameshika kamba ya kikapu mdomoni. Vikapu vidogo, vikapu vikubwa, na kimoja kikubwa kupita vyote, kimebebwa na kundi zima. Vyote vimefunikwa majani. Kiboko akavitazama vikishuka, udenda ukachuruzika ukafanya kidimbwi miguuni.

"Nani amepuliza?" akauliza Korongo.

"Mimi!"

"Umefanya vyema, Mwalimu Mkuu. Desturi ni kuanza na wewe. Ugonjwa upo?"

"Upo! Umejaa! Umefurika!"

"Nimekusikia, umeripoti. Sasa niwaulize wagonjwa, halafu nirudi kwako nikuhudumie sawasawa."

Na Korongo, kumbe, naye huuliza yale yale. Kwani Kalunguyeye alijifunza kwa nani?

"Umekula nini? Umekunywa wapi?"

"Uji. Bwawa la juu," akasema mtoto wa Nyani. Akapewa kibuyu.

"Umekula nini? Umekunywa wapi?"

"Uji. Bwawa la juu," akasema mtoto wa Pofu. Akapewa kibuyu.

Digidigi mdogo hakuweza kujibu. Mama yake akajibu kwa ajili yake. Korongo akamfinya ngozi, akaacha maneno, akafungua kibuyu mwenyewe, akaanza kumdondoshea dawa kwa ncha ya mdomo wake mrefu, tone, tone, tone. Wengine wakaendelea kuulizwa na yangeyange.

Akafika mtoto wa Kobe. "Nimelamba umande."

"Wewe nenda, mwanangu, huna kitu hapa."

Kiboko alikuwa anatazama yote hayo. Akajiambia, ahaa! Kumbe anayetaja bwawa la juu ndiye anayepewa. Asiyelitaja anarudi mtupu. Na kile kikapu kikubwa bado kimekaa pale pale, kinamngoja mtu.

Akaja mbio, akajisimamisha mbele. "Bwana Afya! Mimi nimekunywa bwawa la juu kuliko wote hawa!"

Korongo akageuza shingo. "Umekunywa tu?"

Kiboko akatazama kikapu. "Nimeoga pia!"

"Umeoga bwawa la kunywa?"

"Kila alfajiri! Kichwa, kwapa, mpaka vidole!"

"Umeoga tu?"

Kalunguyeye akainamisha kichwa, akafagia. Fya. Kiboko akakitazama kikapu kile. Akakiona kinavyotuna. Akaona majani yalivyokifunika vizuri, kama sinia la harusi. Akapaza sauti, bonde zima likasikia:

"Na mengine yote nimeyafanya humo humo! Kila siku! Mkia wangu wenyewe! Nani humu anaweza kushindana na mimi? Kikapu kikubwa ni changu!"

Hata wagonjwa wakaacha kuugua.

Kisha Mama Ngiri akapumua, akasema polepole, "Na mimi nimepikia uji yale maji."

Hapo ndipo pakalipuka. Akina mama wakapiga kelele, watoto wakacheka huku wameshika matumbo, mtoto wa Nyani akapanda mti apate kucheka vizuri. Kiboko akawatazama mmoja mmoja. Akaanza kuelewa, kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda shingoni.

Korongo akanyoosha bawa. "Mwalimu Mkuu, umesema kweli. Kikapu kikubwa ni chako. Haki yako hakuna atakayeigusa."

Yangeyange wakakifunua. Ndani hamkuwa na tikiti, hamkuwa na muwa, hamkuwa hata na kibaba cha unga. Yalikuwa magome ya mwarobaini na shubiri, kutoka chini hadi juu. Wakayachemsha kwenye sufuria ile ile ya uji, kwa kuni zile zile. Wakajaza ndoo yake.

"Kunywa."

"Chungu!"

"Kunywa. Na uji hutagusa mpaka mtoto wa mwisho wa shule hii apone."

Gubu... gubu... gubu... Safari hii hakuramba ndoo.

"Bado sindano," akasema Korongo. Akatoa yake, akamchoma Kiboko kwenye tako. Ti! Sindano ikapinda. Akatoa nyingine. Ti! Nayo ikapinda. Ngozi ya Kiboko, mnaijua.

Kiboko akacheka. "Mimi hanichomi mtu!"

Korongo akamgeukia Kalunguyeye. "Nesi, una sindano?"

"Ninazo chache," akasema Kalunguyeye.

Akapanda kichuguu, tiki tiki tiki, mpaka juu. Akajipaka dawa mgongo mzima. Akasema bismillahi, akajikunja, akawa mviringo. Akajiachia.

Bingiri! bingiri! bingiri! bingiri!

CHWAAA!

Jamani! Kiboko aliruka juu, na tangu dunia iumbwe hakuna aliyemwona kiboko juu kiasi kile. Akatua, akatimka, dum dum dum dum, watoto wanaoweza kusimama wakamkimbilia nyuma, wanaitikia kwa pamoja:

"Umekula nini? Umekunywa wapi? Umechomwa na nani?"

Akajitupa bwawa la chini, chubwi! Ruba wakamkaribisha kama mgeni waliyemngoja mwaka mzima.

Lakini hakuachwa apumzike. Wazee walimrudisha bwawa la juu, akalikomba tope lote kwa mdomo wake mwenyewe, mkupuo kwa mkupuo, mpaka kokoto zikaonekana tena. Na maji ya chemchemi yakaingia mapya. Kuni zikagawanywa, za uji mbali, za kuchemsha maji mbali. Na ile sheria ya mkuu kupuliza peke yake wakaifuta siku hiyo hiyo. Wakasema, aliyeona ndiye atakayesema, na mwenye pumzi yoyote apulize.

Watoto wakaamka. Wa Pofu akaamka, wa Kanga akaamka, madoa yakarudi. Kalunguyeye hakushangilia nao. Alikaa na Digidigi mdogo, tone kwa tone, mama huku, yeye huku. Anamfinya ngozi, inabaki imesimama. Anangoja, anamnywesha, anamfinya, inarudi polepole. Anamnywesha tena. Anamfinya.

Ngozi ikarudi, pap!

Digidigi mdogo akafumbua macho. Akamtazama Nesi. Akasema, kwa kisauti kama cha nyasi, "Nesi."

"Naam, mwanangu. Umekula nini?"

"Sijala kitu. Naomba uji."

Mama Digidigi alipiga kigelegele, na jikoni kikapokewa, na barazani kikapokewa, kikavuka kilima. Mama Ngiri alipakua uji mpaka vikombe vikafurika. Mtoto yule akanywa kimoja, akanywa cha pili, na hakutokea mtu wa kumuuliza kama amemaliza.

Basi, wanangu, hadithi bila funzo ni kama mchuzi bila nazi. Funzo la hadithi hii ni hili: watoto, mtiini mwalimu mkuu. Akisema hakuna ugonjwa, basi hakuna ugonjwa, jikazeni. Mkiumwa tumbo, nyamazeni kimya, msimwambie nesi, maana nesi ni mdadisi na ana miiba. Na maji mnayopewa, kunyweni tu, msiulize nani ameoga humo.

— Aaah! Hapana! Uongo!

Mnapinga?

— Tunapinga!

Basi mmeniweza. Kila mtu akatafute funzo lake mwenyewe, mimi langu limekataliwa. Uongo nimeutua hapa chini, mzigo si wangu tena. Aliyeuona mtamu ajitwike aende nao kwao. Aliyeuona mchungu aniachie mimi, nitaunywa kwa ndoo.